Bucha la Wa Kwetu

Kaka yangu alifunzwa kwa vibao kujibu swali la kwao ni wapi. Baba, mtu wa bondeni, alikuwa akirudi kutoka kazini anatuuliza, "Nyie watu wa wapi?" Tukitaja milimani, kwao mama, kibao. Wajomba nao wakija, tukitaja bondeni, kibao kingine. Siku moja walimng'oa baba meno mawili mlangoni, tukiona. Kaka akashika somo: mtazame mwenye mkono, mpe jibu analotaka. Mimi nilikuwa mbishi. Nilisema bondeni kwa kila mtu, nikakua na uso uliovimba.

Kaka alipofungua bucha, ujanja ule ukawa biashara. Mteja wa bondeni aliambiwa bondeni ndiko kwetu, wa milimani akaambiwa milimani. "Damu nzito kuliko maji, shemeji! Ngoja nikuongezee mfupa." Mtaa mzima ukamwita Wa Kwetu. Mimi niliyekuwa nikisafisha matumbo uani nilichukia hadi rohoni. "Kaka, wewe ni mwoga," nilimwambia, tena mbele ya wateja. Alicheka, akaendelea kupasua mifupa.

Kisha zikaanza kuchomwa nyumba za watu wa bondeni. Siku ya tatu, asubuhi, wanaume saba wenye mapanga wakaja buchani. Kaka aliwaamkia kwa lugha ya mama, akawataja wajomba mmoja mmoja. Wakacheka naye. Mmoja hata akaomba maini.

Wawili walizunguka uani, wakanikuta nimeinamia beseni. Mmoja alinisalimia kwa lugha ya baba, panga kalificha nyuma ya mgongo. "Dada, tunakusanya watu wetu tuwavushe salama. Mwenye bucha naye ni wetu?"

Nilifurahi, Mungu anisamehe. "Ni kaka yangu, baba mmoja, mama mmoja," nikasema. "Sisi ni wa bondeni toka babu."

Panga lilishuka begani kwangu kabla sijafunga mdomo. Nikaanguka kwenye matumbo, damu yangu ikichanganyika na ya ng'ombe. Yule mtu akaita wenzake, "Huyu wa bondeni! Anasema mwenye bucha ni kaka yake!"

Kule mbele mkubwa wao akauliza, karibu kwa upole, "Wa Kwetu, huyo mwanamke unamjua?" Walimpenda. Angesema tu ni kibarua, wangemwamini.

Kaka alitokea uani na shoka la mifupa, yeye ambaye hakuwahi kumpiga mtu, akampasua taya yule aliyesimama juu yangu. Wa pili akamkata kaka mkono wa kulia. Kaka akahamisha shoka mkono wa kushoto, akaniachia wazi njia ya geti la uani nyuma yangu, akawarudisha nyuma hadi mlangoni mwa bucha.

"Mimi ni wa bondeni!" alipiga kelele kwa lugha ya baba. "Mnamtafuta mtu wa bondeni, njooni kwangu!"

Wote waliobaki wakamwendea. Nikasikia mapanga yakipiga nyama, na sauti yake ikiendelea kutaja bondeni, kisha ikanyamaza. Mimi nilikuwa nimeshafika barabarani, nakimbia, wala sikugeuka.