Koplo Aliyeambiwa Hasikiki

Siku fundi cherehani alipomwona koplo yule kwa mara ya kwanza, alianza kwa kumsikia. Alikuwa barazani kwake ameinamia suruali ya mteja, mguu uko kwenye pedali, ndipo pikapu iliyobeba mabati ilipoanza kurudi nyuma yenyewe kwenye mteremko wa sokoni. Dereva alikuwa ameshuka kununua sigara. Watu waliokuwa wakivuka barabara hawakuiona, maana gari lililozimwa halina mlio wa kumshtua mtu.

"Simama!"

Neno lenyewe lilikuwa hilo moja tu. Fundi hakujua limetoka wapi. Alichojua ni kwamba mguu wake uligoma juu ya pedali na sindano ikabaki imezama kwenye kitambaa. Njia nzima iliganda. Muuza mayai alibaki na trei kichwani, mguu mmoja hewani kama korongo. Mama aliyekuwa akigombana na muuza vitunguu alifunga mdomo katikati ya tusi. Pikapu ikapita taratibu kwenye upenyo wa watu waliosimama kama miti, ikaenda kugonga ukuta wa ghala, mabati yakamwagika kwa kishindo, na hakuna aliyechubuka hata kidole.

Fundi alipogeuza shingo alitegemea kuona pande la mtu. Akaona mwanamke mfupi, mwembamba, mwenye sare ya polisi iliyompwaya mabegani na tepe mbili mkononi, akimwambia dereva kwa upole kama anayeuliza bei ya nyanya:

"Kaka yangu, breki ya mkono waliiweka ya nini? Ya kutundikia mfuko?"

Tangu siku hiyo soko zima lilimwita Ngurumo.

Fundi alikuwa mtu wa maneno machache. Mkewe alizoea kusema kwamba huyu bwana hata akikanyagwa mguu, yeye ndiye anayeomba radhi. Ile sauti ilimkaa kichwani siku nzima.

"Imetoka wapi sauti kama ile?" alimuuliza mkewe jioni.

"Tumboni, kama sauti zote. Ni yako tu imekwama njiani."

Kibanda chake kilitazamana na uwanja wa polisi, na kazi yake nyingi ilikuwa ya sare: kupunguza, kubadili vifungo, kushona tepe za vyeo. Haikupita wiki Ngurumo akaja na mashati yake yapunguzwe mabega. Ajabu ni kwamba katika mazungumzo ya kawaida alisema chinichini, hadi fundi akalazimika kusimamisha cherehani ili amsikie.

Alikuwa koplo wa miaka mingi. Alichotaka kilikuwa kimoja, na hakukificha: kufundisha gwaride katika chuo cha polisi. Kazi hiyo haikupewa mtu aliye chini ya sajenti, na usajenti ulikuwa na mtihani wake.

"Niliowafundisha kufunga buti, leo nawapigia saluti," alisema akicheka. "Mara ya kwanza nilifanya mtihani, wakasema faili langu halionekani. Mara ya pili likaonekana, wakasema limechelewa kuonekana. Safari hii nimelipeleka mwenyewe, nimekaa nalo pale ofisini kama mtu anayeuguza mgonjwa."

Wiki moja kabla ya mtihani alikuja kibandani koplo mwingine, kijana mtanashati ambaye askari wenzake walimwita Mjomba Kasema, kwa kuwa kila alichofanya alianza na maneno hayo. Mjomba mwenyewe alikuwa mkuu wa kituo, na ndiye msimamizi wa mtihani.

"Fundi, nishonee tepe tatu za sajenti. Mashati mawili."

"Kwani mtihani umeshafanyika?"

"Wiki ijayo."

"Sasa..."

"Mjomba kasema nishone mapema. Matokeo yakitoka, hapa kwako patakuwa na foleni."

Fundi aliyapokea mashati kama mtu aliyekabidhiwa nyoka. Usiku ule alimweleza mkewe.

"Mwambie Ngurumo," mkewe alisema.

"Atakata tamaa."

"Usipomwambia atakuwa yeye peke yake sokoni asiyejua. Hilo ndilo baya."

Kesho yake Ngurumo alipopita, fundi alijikaza kisabuni, akamwita ndani, akamwonyesha kwa kidole yale mashati, tepe tatu juu yake na karatasi yenye jina la mwenyewe, maana maneno yalimgomea. Ngurumo aliyatazama. Akavua kofia, akaivaa tena.

"Umeshazishona?"

"Bado."

"Zishone vizuri. Shati halina kosa." Kisha akasema, "Mimi nitakwenda, fundi. Kama ni kuninyima, waninyime nikiwa nimesimama mbele yao. Si nikiwa nimelala nyumbani."

Siku ya mtihani wa gwaride watu wa sokoni walisogea hadi kwenye uzio wa waya. Kila mtahiniwa alipewa kikosi akiamrishe uwanja mzima. Zamu ya Mjomba Kasema ilipofika, alipaza sauti, "Nyuma geuka!" Upepo ukaichukua. Nusu ya kikosi iligeuka nyuma, nusu ikaendelea mbele, na askari mmoja wa katikati akasimama peke yake akitazama huku na huku kama mtu aliyeachwa na basi. Muuza vitunguu alicheka hadi akashika uzio.

Kisha akaja Ngurumo. Alipotamka "Mguu sawa!" fundi alihisi vinyweleo vinamsimama. Kikosi kilikwenda, kikageuka, kikarudi, buti zote zikipiga chini kwa mlio mmoja, na yule mwanamke mdogo amesimama pembeni kabisa ya uwanja, hajasogea hata hatua. Mlinzi mzee wa ghala ng'ambo ya barabara, aliyestaafu jeshi zamani, alikuwa amesimama wima, rungu ubavuni, machozi yakimlengalenga.

Matokeo yalibandikwa ukutani. Mjomba Kasema, amefaulu. Ngurumo, ameanguka. Maswali ya kuandika alikuwa amepita vizuri. Kilichomwangusha ni gwaride, na sababu ilikuwa pembeni ya jina lake: sauti haisikiki.

Habari ilipofika sokoni watu walianza kwa kucheka, wakidhani ni mzaha. Kisha wakaenda ukutani kujisomea wenyewe.

"Bibi yangu hasikii hata radi," alisema muuza mayai, "lakini siku ile ya pikapu aliniuliza nani anapiga kelele."

Fundi hakucheka. Alitupa mkasi mezani, jambo ambalo mkewe hakuwahi kuliona tangu waoane.

Kila Jumatatu asubuhi mkuu wa kituo alikagua gwaride uwanjani. Kabla ya kulivunja aliuliza, kama desturi ilivyotaka, "Kuna mwenye malalamiko?" na askari wote walijibu kwa pamoja, "Hakuna, afande!" Swali na jibu vilikuwa vimezoeleka kiasi kwamba watoto wa mtaa ule walivigeuza mchezo. Hakuna aliyewahi kusikia jibu jingine.

Jumatatu ile mkuu aliuliza. Askari wakajibu. Ngurumo akapiga hatua moja mbele.

"Yapo, afande."

Alilisema kwa ile sauti yake ya kawaida, ya chini. Mkuu akaweka kiganja nyuma ya sikio.

"Nani huyo? Sisikii." Baadhi ya askari wakacheka puani. "Unaona, koplo? Ndiyo yaleyale tuliyoandika."

Fundi, aliyekuwa kwenye uzio na mkewe, aliona mabega ya Ngurumo yakipanda polepole, yale mabega aliyoyapima kwa futi yake mwenyewe.

"Afande! Nimeambiwa sauti yangu haisikiki! Naomba nionyeshwe ni amri ipi haikusikika, na ni askari gani hakuitii!"

Njiwa waliruka wote kwa pamoja kutoka paa la ghala. Waashi waliokuwa juu ya jengo jipya waliacha nyundo. Kisha muuza vitunguu, kutoka mezani kwake, akaitikia:

"Huku tumesikia!"

"Na huku!" akasema mtu upande wa machinjio.

"Hata huku juu!" wakajibu waashi.

Ikawa inapokewa mtaa kwa mtaa, ikienda mbali, mpaka wale wa mwisho fundi hakuweza tena kujua ni akina nani. Naye alifungua mdomo ili aitikie. Hakikutoka kitu. Alibaki ameshika waya kwa mikono miwili, akimtazama yule mwanamke kama mtu anayeona mlima ukisogea.

Mkuu wa kituo alikuwa amebadilika rangi. Alisema, "Gwaride, tawanyika," lakini neno likafia mstari wa mbele. Hakuna aliyejongea. Alisema tena. Askari walibaki wima, macho mbele.

Ngurumo akageuka kuwatazama wenzake.

"Gwaride! Tawanyika!"

Wakatawanyika. Naye akampigia mkuu wake saluti safi kabisa, isiyo na kejeli hata chembe, akaondoka. Hilo la saluti ndilo lililomwacha fundi kinywa wazi kuliko yote.

Matokeo hayakubadilika. Kilichokuja ni barua ya uhamisho: kituo kidogo cha mbali, huko barabara ya lami inakoishia. Mjomba Kasema alifuata mashati yake akaomba yafungwe kwenye gazeti, watu wasiyaone.

"Mjomba kasema nini?" mke wa fundi alimchokoza.

"Mjomba hajasema kitu tangu Jumatatu, shemeji," kijana alijibu akitazama chini, akalipa, akaenda zake.

Ngurumo alipita asubuhi ya safari, begi begani, kuchukua shati la mwisho. Fundi alikuwa amelipiga pasi mara mbili. Alikuwa amepanga maneno mengi ya kumwambia. Alikuwa ameyarudia kitandani, na mkewe alishamsahihisha baadhi. Alipomwona mbele yake yote yakayeyuka.

"Huko unakokwenda pakoje?" aliuliza hatimaye.

"Askari wanne na mbuzi wa jirani. Nitawafundisha gwaride wote, mbuzi kwanza."

"Na mtihani?"

"Mwakani tena. Na mwaka unaofuata, wakitaka."

Gari lilipiga honi. Ngurumo akaweka shati kwenye begi, akafunga zipu, akashuka barazani. Fundi aliona akikaa kimya atajuta, akapiga moyo konde, akamwita kwa nguvu kiasi kwamba yeye mwenyewe alishtuka:

"Afande! Sasa sisi huku tutajuaje kama umefaulu?"

Ngurumo aligeuka, akacheka mpaka meno ya nyuma yakaonekana.

"Nikifaulu, fundi, utasikia hapohapo ulipokaa."