Sajini Oola na Mpishi Mushagalusa

Saverio Ojera alistaafu polisi akiwa sajini, na hapa Kisugu watu humwita Afande mpaka leo. Ukitaka kumjua ni mtu wa namna gani, mtazame viatu. Havikutwi na vumbi, na vumbi la Kisugu si la mchezo. Mtu safi, mtu wa saa, mtu asiyesema uongo: ndivyo binti yake Ayaa alivyomsifu kwa watu, na kila aliposifiwa hivyo mzee alishikwa na kikohozi.

Ayaa alikuwa anaolewa na kijana aitwaye Opoka. Kwa Waacholi huolewi hivi hivi. Wazee wa upande wa pili hutaka kwanza kujua ukoo wako, msije mkaoana ndugu. Basi binti akaanza kumtafuta babu wa baba yake. Fomu ya Saverio ya kuingia polisi, ya mwaka 1985, ilisema babu huyo ni Sajini Oola wa Kitgum, huko Uacholini. Kitabu cha ubatizo, kwenye ukurasa wa baba yake Saverio, kilisema mzazi ni Mushagalusa, mpishi, kutoka Bukavu, Kongo. Ayaa akaiamini fomu ya serikali. Alikwenda Kitgum mara mbili, na kila Oola aliyempata alikuwa wa watu wengine. Saverio alimsindikiza mpaka kituo cha basi, akambebea mfuko.

Fomu ile aliijaza mwenyewe. Alikuwa na miaka ishirini, na pale kambini Naguru vijana wa familia za polisi walijaza sehemu ya babu kwa kushindana: wa huyu alikuwa keya, askari wa Mwingereza, aliyepigana Burma, wa yule alimlinda gavana. Babu yake Saverio alikuwa akimenya viazi kwenye jiko la mesi, bwalo la chakula la kambi hiyohiyo. Akaandika Oola, jina la ukweni kwa mjomba wake, na cheo akakipachika. Karatasi hiyo ikazaa nyingine: cheti cha ndoa, kadi za watoto, kitambulisho.

Jumatatu asubuhi Ayaa aliingia na karatasi mkononi, amechangamka.

"Baba, Padri amekubali. Hiyo kitabu ilikosea. Weka tu sahihi hapa, kwamba huyu Mukongo si mutu yetu. Watamufuta."

"Watamufuta?"

"Eeh. Mukubwa wa familia ni wewe."

Saverio alishika kalamu. Masikio yakamwaka kwa haya. Jina la yule mzee mpishi lilikuwa limebaki mahali pamoja tu duniani, mstari mmoja kwenye kitabu cha kanisa, na sasa mjukuu wake mwenyewe alikuwa anaombwa aufute.

Alimkumbuka babu alipokuja kwenye lango la uwanja wa gwaride na sahani ya maharagwe, mbele ya makuruta wote. "Mujukuu, ulishakula?" Wenzake wakauliza huyo nani. "Mupishi tu," Saverio akajibu. Mzee alisikia vizuri. Aliiweka sahani chini taratibu, akasema, "Ndiyo, mupishi," akarudi jikoni. Hakuja langoni tena.

Kalamu ikarudi mezani.

"Siweki," Saverio alisema. "Hakuna Oola, mwanangu. Mimi ndiye nilimutengeneza. Babu yangu ni huyo mupishi."

Ayaa alicheka kwanza, akidhani mzee anatania. Kisha akamwona alivyoinamisha uso, akavuta kiti akakaa.

"Nimeenda Kitgum mara mbili, Baba. Ulinibebea mufuko."

"Nilikubebea."

Afadhali angefokewa, lakini binti hakufoka. Alilivuta daftari lake la kuandikia ukoo, akamkata Oola kwa mstari mmoja, chini yake akaandika Mushagalusa, herufi kwa herufi. Kidogo Saverio akapumua.

"Sawa. Wazee watauliza kaburi yake," Ayaa alisema, bado ameinama juu ya daftari. "Ni wapi?"

Saverio alikitazama kichwa cha mwanawe. Aliwahi kuwahoji wezi na wauaji, akajua mtu hujikuna wapi kabla ya kudanganya. Sasa mikono yake mwenyewe ilikuwa juu ya magoti, haikukuna popote.

"Sijui," alisema. "Siku ya kumuzika, mimi niliomba zamu kazini, nisiende."