Nyumba ya Bibi Minza Haikuwa na Jiko

Naikumbuka vizuri, mwanangu, siku niliyoaibishwa na mtu niliyedhani nimemsaidia. Nimesikia wewe na wenzako hapa Somanda mnataka kumjengea chumba yule mama anayelala kwenye baraza la maduka. Nimefurahi sana, na ndiyo maana nakusimulia.

Nilikuwa kiongozi wa vijana wa kwaya kule Ngulyati, na sikufichi, nilipenda sifa. Bibi Minza alikuwa mjane asiye na mtoto. Mvua iliibomoa nyumba yake ya tope, akawa analala kwenye baraza la ghala la pamba. Tukaamua kumjengea. Wavulana walifyatua matofali, wasichana tukachota maji na kukata nyasi, mpaka chumba kikasimama. Tukapanga na zamu za kumpelekea chakula asubuhi na jioni, asihangaike na lolote. Ratiba niliiandika mimi, kwa mwandiko wa kujivunia.

Siku ya kumhamisha tuliimba njia nzima. Bibi Minza akakizunguka chumba, akachungulia ndani, kisha akabeba mkeka wake akaanza kurudi ghalani. Mawingu yalikuwa yameshatanda. Nikamkimbilia, nimekasirika kweli, nikamwita mayu, yaani mama kwa lugha ya kwetu.

"Mayu, mbona unaondoka? Hujaipenda nyumba?"

"Nyumba nzuri. Nitapikia wapi?"

"Usipike, mayu. Sisi tutakuletea."

Akanitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye sina pa kulala. "Mtaniletea mpaka nife? Mtu akinipigia hodi nimwambie asubiri zamu yenu? Ghalani najua napita tu. Hapa mnataka niwe mgeni wenu siku zote."

Jioni ile mvua ilinyesha, akalowa pale barazani. Nililia, mwanangu. Wiki zote zile tulipangana wenyewe kwa wenyewe, hakuna aliyemuuliza hata neno moja.

Kesho yake tukaenda kumuuliza. Akatuonyesha anapotaka jiko, akachagua mwenyewe mawe ya mafiga, na mawili niliyoleta mimi akayatupa. Tukamwezekea kibanda cha kupikia, akahamia. Haikupita wiki akatuita wote, akatugawia michembe ya moto, vile viazi vitamu vilivyokaushwa kisha vikapikwa, na karanga. Tulipomaliza niliinuka nikaoshe sahani. Akanishika mkono.

"Kaa chini. Leo umekuja kwangu."

Basi, mwanangu, kabla hamjanunua hata bati moja, nenda ukakae na yule mama, umuulize anataka aishi vipi. Msikilize mpaka amalize, hata kama anachotaka kinavuruga mipango yenu. Usimjengee mahali pa kupokea tu. Mwachie nafasi na yeye akupe. Akikukaribisha chakula, kula, hata kama umetoka kushiba kwangu.

Mungu aibariki mikono yenu, vijana wangu. Awajalie mpige hodi kwenye nyumba mliyoijenga wenyewe, na mwenye nyumba awakaribishe.