Kikapu cha Treni Ndani ya Ndege

Juzi mwanangu alinionyesha kwenye simu kwamba kutoka Kamina hadi hapa Lubumbashi, ndege haichukui hata saa mbili. "Kumbe iko karibu, mama!" akasema. Nikacheka. Rafiki yangu, umbali huo niliujua nikiwa mtoto, na aliyenifundisha hakuwa na simu. Alikuwa na kikapu.

Kwetu Kamina, safari ilikuwa treni, na treni ilikuwa chakula. Nkambo, ndivyo tulivyomwita bibi yetu, hakujali kilomita. Aliuliza mtaani treni ya mwisho ilikwama njiani siku ngapi, kisha akapika kufuatana na majibu: kuku aliyekaangwa hadi akakauka, viazi vitamu, na sombe, yaani kisamvu, ya karanga ya kuliwa siku ya kwanza, sufuria imeviringishwa blanketi. Daima aliongeza cha majirani wa kiti, maana kula peke yako ndani ya treni ni aibu. Mimi nilitwanga karanga na kuzidokoa, nikifukuzwa, nikirudi.

Mwaka mmoja mama alilazwa Lubumbashi, akapasuliwa tumbo. Baba, aliyekuwa naye, alituma habari kwamba mama hataki kula kitu chochote. Nkambo, mama yake mzazi, akafagia jiko mara tatu siku hiyo. Niliogopa kuliko kama angelia. Treni haikujulikana itakuja lini, basi jirani yetu, askari wa Base, kambi ya jeshi yenye uwanja wa ndege, akatutafutia nafasi kwenye ndege.

Nkambo akapika vilevile, chakula cha treni. Jirani alipokiona kikapu akashika kichwa.

"Nkambo, ndege haiko treni! Mutafika mbele ya kusikia njaa."

"Weye uko mutoto," nkambo akamjibu. "Njia njo njia." Kwake safari ilikuwa safari, iwe ya reli au ya angani.

Ndege ilinguruma, masikio yakaziba, nkambo akaomba kwa sauti. Alipozoea, akafungua kikapu na kuanza kuwagawia viazi askari waliokaa mbele yetu, kama adabu ya safari inavyotaka. Walicheka, lakini walipokea. Hajamaliza kugawa, tukaanza kushuka. Akaangalia mabati ya Lubumbashi, akamwangalia kuku wake mzima.

"Tayari?" akauliza, kama mtu aliyepunjwa sokoni.

Hospitalini tulimkuta mama amekonda, ameelekea ukutani. Nkambo hakumpa pole hata moja. Alifungua blanketi, akaiweka sufuria kando yake. Mama akageuka taratibu, akaigusa kwa kiganja.

"Iko na moto," akasema. "Ya Kamina, na iko na moto!"

Akalia, kisha akala. Wagonjwa wa chumba kile pamoja na ndugu zao wakala kuku na viazi, wakatusimulia makwao kama vile tumo kwenye behewa moja. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi niliyaona kwa macho yangu.

Mama yupo hadi leo, namshukuru Mungu. Nkambo hayupo, na siku hizi napanda ndege na mkoba mdogo tu, wala hakuna anayemuuliza jirani wa kiti kama amekula. Nimekumbuka mikono yake, nimeshukuru sana. Nikamwambia mwanangu ndiyo, ni karibu: kutoka jiko la nkambo hadi kitanda cha mama, sombe haikupoa.