Sahani Isiyorudi Tupu

Idi iliyopita jirani yangu wa ghorofa ya juu, hapa Kigali, aliniletea pilau. Nani asiyefurahia pilau ambalo hakulipika mwenyewe? Lilikuwa limetiwa kwenye kisanduku cha plastiki, vile vya kutumia mara moja, na kabla sijamaliza kusema ahsante alikuwa ameshaanza kupanda ngazi. Akanirushia neno kutoka juu: "Usihangaike kurudisha chombo, dada. Kula, tupa!" Nikabaki mlangoni na pilau langu, nimenuna. Mume wangu akaniuliza kuna nini. Sasa ningemweleza vipi mtu aliyekulia Kigali? Acha nikueleze wewe.

Kwetu Gisenyi, miaka ile ya mwisho ya tisini, mtu akikwambia usirudishe chombo ni sawa na kukwambia hataki kukuona tena mlangoni kwake. Nililelewa na bibi yangu katika mtaa wetu wa Waswahili, kwenye nyumba ya mawe meusi ambayo babu yake, mfanyabiashara aliyetokea Ujiji, aliwaachia watoto wake. Ndani tulisema Kiswahili, sokoni Kinyarwanda, na shuleni Kifaransa cha kubabaisha. Upepo wa ziwa ulikuwa unapanda hadi uani kwetu jioni, na katika mwezi wa Ramadhani upepo huo ulikutana na harufu ya vitunguu na nyama ya sambusa. Ee, harufu ile! Mimi niliyekuwa najifunza kufunga nilikuwa naikimbia, naenda kukaa barazani nimeziba pua.

Lakini sikukaa sana, kwa sababu kazi ya kupeleka sahani ilikuwa yangu. Bibi alikuwa na sahani ya bati nyeupe yenye ua jekundu katikati, na ukingo wake ulikuwa umebanduka rangi. Alipanga sambusa juu yake, akafunika kwa kitambaa, akaniambia niende kwa mama wa ng'ambo ya ua wetu wa minyaa. Na kanuni zake alikuwa akizisema huku anakanda unga, wala hakujali kama nimezisikia jana na juzi. Chombo cha mtu hakirudi tupu, hata ukitia limau moja. Tena hakirudi siku ile ile, maana ukikirudisha siku ile ile utakuwa umelipa, hujashukuru. Ukipewa, usifunue kitambaa mbele ya aliyekupa. Na ukishatoa, umetoa, usije ukaulizia.

Huyo mama wa ng'ambo ya ua alikuwa Mkristo, mjane mwenye watoto wadogo. Mume alimpoteza katika miaka ile mibaya, na kwetu mtu akisema hivyo haulizwi zaidi. Kila asubuhi alijitwika beseni la nyanya na vitunguu akavuka mpaka wa nchi kwenda kuuza Goma, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko huko Goma. Tulitenganishwa na ua wa minyaa tu, tena wenye tundu la kupenya. Sahani yetu ikienda na sambusa, baada ya siku kadhaa ilirudi na sambaza wa kukaanga, wale samaki wadogo wa ziwa letu la Kivu, au viazi vitamu vilivyochomwa. Krismasi wao ndio waliotangulia kuleta, na sisi tukarudisha. Hakuna aliyehesabu, na ndiyo raha yake.

Basi ikafika Ramadhani moja ambayo mpaka ulikuwa wa kubahatisha. Leo uko wazi, kesho askari wanawarudisha watu na mabeseni yao, na usiku tunasikia milio ya risasi huko milimani. Nyanya za jirani zikaozea nyumbani. Mimi sikuyafikiria hayo, nilikuwa mtoto. Nilichoona ni kwamba nilipopeleka sahani siku ya kwanza ya mfungo, alifungua mlango kidogo tu, akasema, "Ambia bibi aksanti sana. Sisi tulishakula." Nikarudi na sambusa zangu. Nilipopeleka tena, mlango haukufunguliwa kabisa, ingawa nilisikia watoto wakinong'ona ndani, na mmoja wao alinichungulia kwenye upenyo wa dirisha akiitazama sahani, siyo mimi.

Sambusa zilizorudi ziliwapendeza sana binamu zangu tuliokaa nao nyumba moja. Mimi nikakataa kuzigusa. Wiki hiyo hiyo maalim wetu wa madrasa alikuwa ametufundisha kwamba anayerudia zawadi yake ni kama mbwa anayerudia matapishi yake. Nikaeleza hivyo hapo mkekani, adhana ya magharibi imeshaadhiniwa, kila mtu na sambusa mdomoni. Toba! Shangazi, binti wa Bibi aliyekuwa bado nyumbani, alipaliwa. Bibi akacheka mpaka akajifuta machozi na kanga. Kisha akaiweka ya kwake chini bila kuimaliza.

Kesho yake akamwita maalim apite nyumbani. Alikuwa mzee mrefu mwenye sauti ndogo, mpenda chai ya tangawizi kuliko alivyokiri. Bibi alimwuliza kwa niaba yangu, lakini nilijua anauliza na kwa ajili yake. Maalim akanigeukia mimi. Akasema zawadi ina mikono miwili, wa kutoa na wa kupokea, na mkono wa pili usipopokea zawadi haijatimia, chakula bado ni chenu, kuleni. Kisha akamwambia Bibi kwamba Mtume alituusia jirani asimdharaulie jirani mwenziwe zawadi, hata akimpa kwato ya kondoo. Mimi nikatulia. Bibi hakutulia hata kidogo.

Alikuwa ameshika lile neno la kudharau. Aliitazama sahani yetu, ukingo umebanduka, ua limefifia, akaona ndiyo yenye makosa. "Nimemdhalilisha mwenzangu," akasema. "Miaka yote nampelekea chakula kwa sahani ya kulishia kuku." Na mtaani kulikuwa na wenye maneno waliomwambia kuwa Wakristo siku hizi hawali vya Waislamu. Maneno hayo aliyasukuma kando, lakini yalimkera. Basi akafungua sanduku lake akatoa hotipoti kubwa ya maua ya buluu, aliyoletewa na binti yake wa Goma na ambayo hatukuruhusiwa hata kuipumulia. Akaijaza wali, nyama na viazi. Nikaibeba kwa mikono miwili nimeegemea nyuma, napenya ule ua kwa ubavu.

Safari hii jirani alifungua, kwa sababu niligonga kwa mguu na akadhani ni mtu mzima. Aliitazama ile hotipoti. Akainua mfuniko, akaurudisha polepole. Halafu akakaa pale pale kizingitini akaanza kulia, akisema, "Mama weee! Hii inaingia mbuzi muzima. Mi nitairudisha na nini ndani? Niambie, mutoto, na nini? Siko na kitu!" Watoto wake walisimama nyuma yake wakiitazama hotipoti. Alinibebesha tena ile hotipoti, akanifuta vumbi begani, akafunga mlango.

Nilimweleza Bibi neno kwa neno, na kilio nikamwigizia, maana sikujua kuwa si jambo la kuigiza. Hakunikaripia. Alikaa juu ya mkeka akishika mguu wake mbovu, akasema kama anajisemea, "Kumbe nilikuwa napeleka mzigo, nami nadhani ni zawadi. Na nilipoona umemwelemea, nikauongeza!" Usiku ule sikumsikia akikoroma.

Sasa inabidi nikwambie kitu kuhusu bibi yangu ili uelewe uzito wa alichofanya. Bibi hakuwahi kuomba. Hata chumvi. Kiberiti kikiisha, tulisubiri duka lifunguliwe na chai tukaikosa. Alikuwa na kiburi cha watu waliozaliwa katika nyumba ya kutoa, na sisi wajukuu tukionekana tumekula kwa watu bila sahani kutangulia, tulichapwa. Kwa hiyo siku iliyofuata, baada ya adhuhuri, alipoichukua ile sahani ya ua jekundu ikiwa tupu kabisa, akajitanda kanga na kuniambia nimshike mkono, shangazi alibaki mdomo wazi. Tukapita barabarani, siyo kwenye tundu, mchana kweupe, sahani iko wazi mkononi na mtaa mzima unaiona.

Jirani alipofungua, Bibi akasema, "Mama, leo mimi nimekuja kuomba. Nina hamu ya sombe. Ya majani ya ile mihogo iliyoota nyuma ya nyumba yako."

Jirani akamtazama kama aliyesikia vibaya. "Sombe? Mama, ile ni majani ya masikini. Siko na mawese, siko na karanga. We unafunga, utafungua na majani?"

"Nimekuja na sahani tupu," Bibi akajibu, akainyoosha sahani mbele yake. "Unataka nirudi nayo tupu, mtaa unicheke?"

Hapo jirani akashindwa. Na nani angeshinda? Alimtazama Bibi sana, akaitazama sahani, kisha akacheka, kicheko chembamba chenye machozi ndani yake, akasema, "Haya. Ingieni." Tulichuma majani sote, mimi na wale watoto wake, na akinamama wawili wakatwanga kwa zamu. Bibi na mguu wake! Mchi ulidunda mchana ule mpaka wapita njia wakauliza kama kuna harusi. Sombe ikachemka kwa chumvi na kitunguu kimoja. Jioni Bibi alifuturu nayo, akatuwekea kila mtu kijiko. Kusema kweli haikuwa na ladha yoyote, na binamu yangu aliyethubutu kulisema alifinywa chini ya mkeka.

Tangu siku hiyo sahani ilienda na kurudi. Sambusa zilikwenda, sombe ikaja. Wali ulikwenda, likaja fungu la majani ya limau ya kutia katika chai. Mlango haukufungwa tena. Na ile hotipoti ilirudi sandukuni, sikuiona tena mpaka shangazi alipoolewa.

Nikienda Gisenyi siku hizi ule ua wa minyaa haupo. Kuna ukuta wa saruji wenye vipande vya chupa juu, na geti lenye kengele. Waliopo ni watu wema, wananisalimu. Lakini sijaona mtoto akipita na sahani iliyofunikwa kitambaa, na hilo linaniuma kuliko ukuta. Tuna vyakula vingi kuliko wakati ule, jamani. Ni mikono ya kupokea ndiyo imekuwa na haraka.

Bibi alifariki kabla miaka ile ya tisini haijaisha. Sahani siku hiyo ilikuwa upande wa pili, na kama ilivyo ada yetu kwamba wafiwa hupikiwa na majirani, jirani aliileta imejaa sombe, safari hiyo yenye mawese na karanga, maana biashara ilikuwa imemrudia. Watu walipotawanyika, shangazi aliiosha sahani akataka kuitia wali. Jirani akaweka mkono juu yake.

"Hapana," akasema. "Munipe tu vile iko. Mwenye kuijaza ameenda."

Shangazi alinong'ona kwamba lakini ile ni sahani ya mama yake. Maalim, aliyekuwa bado barazani na kikombe chake, akasema kwa ile sauti yake ndogo, "Mwacheni. Mkono wa pili umeshapokea."

Nilisimama mlangoni nikamtazama jirani akiondoka. Alipita barabarani, siyo kwenye tundu, mbele ya mtaa mzima, na sahani tupu ameishika kwa mikono miwili, akitembea taratibu ili isimwagike.