Shikamoo ya Pili

Mimi nina hasira za karibu, na asubuhi ile mzee jirani yetu nusura anitoe machozi kwa adabu zake.

Ilikuwa Jumamosi. Nilikuwa nimepanda milimani, kijijini kwetu Rangwi, kumwona mama, ambaye presha yake hupanda kwa jambo dogo tu. Mzee akaingia uani, gambuti zimejaa matope, jasho linamtiririka. Mama akamwamkia, nami nikamwamkia, akaitika marahaba mbili. Nikajua sasa atasema kilichomleta. Wapi! Akauliza tumeamkaje. Akauliza maharage, mvua, dawa za mama, na wadogo zangu mmoja mmoja. Kisha akahamia Kishambaa, lugha yetu ya nyumbani, akaanza upya. Nilitamani kumtikisa.

"Mama, si ukae kwanza," akasema mwishowe. Mama akavuta kigoda, akakaa.

"Sasa, yule ng'ombe wako amekata kamba. Ameteleza kwenye tuta la juu, yuko chini korongoni. Vijana wangu wako naye."

Jamani! Ng'ombe yule alikuwa na mimba ya kwanza. Mama amemlea tangu ndama, anamkatia majani kwa mkono wake, na anaongea naye kuliko anavyoongea na mimi. Na huyu bwana anatuuliza maharage! Nilimwambia mama asiinuke, nikatoka mbio, mzee nyuma yangu. Tulipofika kwenye migomba uvumilivu ukaniisha.

"Mzee, ng'ombe anakufa, wewe unauliza mvua?"

Nilisema hivyo kwa mtu ninayemwamkia tangu nianze kuongea. Niliona aibu palepale, lakini yeye hakukasirika.

"Ng'ombe ana vijana wanne wa kumshika," akasema. "Mama yako alikuwa na nani? Habari ya msiba wa baba yako alipigiwa kelele kutoka barabarani. Mimi ndiye niliyemwokota pale mlangoni."

Nilikuwa shuleni wakati ule, na sikuwahi kuambiwa hilo. Nikateremka, nikijiuliza ni mara ngapi maishani mtu amenishika kwa maneno bila mimi kujua, nami nikadhani ananichelewesha.

Korongoni vijana walikuwa wamesimama tu, kofia mkononi. Shingo ya ng'ombe ilikuwa imevunjika. Mzee alimgusa tumboni, kisha akanigeukia. "Nenda wewe. Ni mama yako."

Nilipanda mlima nikitafuta neno la kuanzia. Mimi, ambaye kazini mjini ninasifiwa kwa kusema mambo moja kwa moja! Kila sentensi niliyoijaribu ilianza na ng'ombe, na kila mara nilimwona mama akianguka. Nilitamani njia iwe ndefu zaidi.

Nilimkuta uani. Hakuwa amekaa kama nilivyomwambia. Alikuwa ametoka kukata majani, mzigo bado uko kichwani, mundu mkononi. Akanitazama usoni. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Shikamoo, mama."

Tulikuwa tumeshaamkiana asubuhi ile ile, kabla ya uji. Hakuna anayemwamkia mama yake mara mbili kabla jua halijafika utosini.

Mama akatua mzigo wa majani taratibu, akauegemeza mundu ukutani. Akarudi kwenye kigoda, akakaa, akashika magoti yake kwa mikono miwili.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Nimeshakaa. Niambie."