Niliiomba Betri Yangu Izime

Wadau, siku utafiti wangu ulipofanikiwa, nilisali ufeli. Sitanii.

Naitwa Winnie. Natafiti namna ya kuhifadhi umeme kwenye betri kubwa, ili ukikatika samaki wa watu wasioze.

Jaribio tulilifanyia Igogo, kwenye chumba cha kugandishia samaki cha kiwanda kimoja kidogo. Mwenzangu Bernadetta angezima umeme wa gridi, betri ishike, yeye afuatilie joto la humo ndani kwenye kompyuta ya ofisini.

Asubuhi hiyo niliingia kukagua kipimajoto. Nikamkuta Mzee Masele, mfanyakazi wa kiwanda, akipanga maboksi ya sangara.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Leo ndiyo leo, eh?"

Kabla sijajibu, mlango ukafungwa. Puu!

Nikadhani upepo. Nikasukuma. Wapi! Kitasa kinazunguka, mlango haukubali.

Tukapiga kelele, tukagonga mpaka viganja vikauma. Kuta nene zile hazipitishi hata sauti. Simu nayo, mtandao hakuna.

Mara taa ikapepesa. Nikajua Bernadetta kazima gridi.

Mashine ya baridi ikanyamaza kidogo, halafu ikaendelea kunguruma kama hakuna kilichotokea. Betri imeshika.

Aisee, nilitamani kulia. Kitu nilichokihangaikia miaka yote ndicho kinatugandisha.

"Itazima saa ngapi?" Mzee Masele akauliza.

"Nimeitengeneza ifike jioni, baba."

Akajikunyata.

Baadaye akakaa juu ya boksi, akaanza kusinzia. Nikamtikisa.

"Baba, usilale!"

"Niache kidogo, mwanangu. Sisikii baridi tena."

Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Nikakiona kile kipimajoto. Bernadetta hatusikii, ila hicho anakitazama! Nikakivuta na waya wake, nikakibana kwapani.

"Unafanya nini?"

"Nataka aone joto linapanda. Atadhani betri imekufa, atakuja."

Shida ni kwamba mashine nayo inafuata kipimajoto hichohicho. Ikadanganyika, ikapuliza baridi kwa nguvu zake zote. Nikamkumbatia mzee wa watu, meno yanagongana, kwapa silegezi.

Sijui ilipita muda gani. Nikasikia chuma kinagonga chuma, mlango ukafunguka.

"Hii betri imefanya ni..." Bernadetta akatuona. Akapiga yowe.

Tulimtoa Mzee Masele juani, tukamfunika makoti. Hospitali walimlaza, na vidole vilimsumbua muda mrefu, lakini alipona.

Siku hiyohiyo nikamuuliza Bernadetta mlango ulijifungaje.

Akafungua kiganja. Kufuli.

"Nilifunga mimi, Winnie. Nilidhani uko getini unapokea wageni wa jaribio, na mzee sikujua yumo. Sikutaka mtu afungue, hewa ya joto ingeingia, matokeo yangeharibika."

Tulifungiwa ili utafiti wangu mwenyewe utoke vizuri!

Wageni walitaka kuipongeza betri. Nikawaambia jaribio limefeli, na hatutalirudia mpaka mlango ule ufunguke kwa ndani.

Ndugu zangu, kabla hujawasha mtambo unaojivunia kwamba hauzimi, ingia ndani kwanza, uite watu kwa majina.